Hesabu saa, usihesabu siku: mwongozo wa kuchagua safari ya mbugani kwa watu wa Iringa na Mbeya

Neno kifurushi tumelizoea kwenye simu. Unanunua cha wiki, kinaisha siku ya tatu, na hujui kimeliwa na nini. Kifurushi cha safari ya mbugani nacho kina tabia hiyo hiyo. Tangazo linasema "Ruaha, siku mbili, usiku mmoja". Unalipa, unakwenda, unarudi na picha za twiga wawili na kiuno kinachouma, halafu unajiuliza zile siku mbili zilikwenda wapi.

Mimi niliulizwa swali hilo na mke wangu, na jibu sikuwa nalo. Tulikuwa watu saba tunaofanya kazi pamoja hapa Iringa mjini, tumechanga tangu Machi ili twende Agosti. Tuliambiwa tukutane saa 11 alfajiri. Tukaondoka saa 3 asubuhi, kwa sababu mwenye gari alikuwa bado anazunguka mjini kutafuta tairi la akiba. Getini tulifika mchana, jua la utosi, wanyama wamejilaza vichakani. Tukala, tukasubiri vyumba. Tukazunguka saa 10 hadi saa 12 jioni. Kesho yake tulitoka saa 2 asubuhi, baada ya chai, na saa 5 dereva akatwambia muda wa kurudi umefika. Nilipokaa chini na kalamu, ile safari yote ilikuwa saa tano za kuangalia wanyama. Saa tano, kwa mchango wa miezi mitano.

Tangu hapo nimewasaidia ndugu, majirani na vikoba viwili vitatu kupanga safari zao, na swali la kwanza ninalouliza ni lile lile kila mara: hapa kuna saa ngapi za ndani ya hifadhi, na ni saa zipi? Mengine yote yanafuata baada ya hilo.

Hatua ya kwanza: badili siku ziwe saa

Simba, chui, mbwa mwitu, hata tembo, huonekana vizuri kuanzia pambazuko hadi kama saa 4 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 10 jioni. Katikati hapo joto linawalaza. Giza likiingia, magari ya kawaida hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini. Mzunguko wa usiku una kibali chake, askari wake na bei yake. Kwa hiyo siku moja ya hifadhi ina vipande viwili vya thamani: cha asubuhi chenye urefu wa saa nne, na cha jioni chenye urefu wa saa mbili.

Ukishalielewa hilo utaona kwamba kipimo cha kweli ni usiku. Kila usiku unaolala ndani, au karibu kabisa na geti, unakupa jioni moja na asubuhi moja. Safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Iringa hadi Ruaha inakunyima vyote viwili. Msembe, makao makuu ya hifadhi, iko kama kilomita 130 kutoka mjini, na kipande kirefu cha barabara hiyo kimezoeleka kwa vumbi na makorongo. Hata ukiondoka saa 11 alfajiri, asubuhi yako inaanza wakati simba anatafuta kivuli, na saa 9 alasiri dereva ataanza kuangalia saa yake. Sisemi usiende. Nasema usilipe bei ya hifadhi kwa ajili ya kuangalia barabara ya Idodi.

Kwa aliyeko Mbeya hesabu ni kali zaidi. Mbeya hadi Iringa ni kama kilomita 330, na kwa malori ya TANZAM, vibao vya 50 kila kijiji na askari wa tochi, hiyo ni nusu siku ya kweli. Mtu wa Mbeya anayeuziwa "Ruaha siku mbili" ananunua kiti cha gari tu.

Mpangilio unaonifaa kwa wa Mbeya ni huu. Ijumaa ondoka alfajiri, pita Isimila, ambako kuna zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Ni kando ya barabara hiyo hiyo, kama kilomita 20 kabla ya kufika Iringa, kwa hiyo huongezi safari. Lala mjini. Jumamosi saa 11 alfajiri mshike njia ya Ruaha, kutwa nzima ndani, mlale huko. Jumapili mzunguke tangu pambazuko hadi saa 4 ndipo mgeuze. Hapo una saa kama kumi na mbili za hifadhini. Ukiweza kuomba ruhusa ya Jumatatu, iombe, kwa sababu kuendesha kutoka Msembe hadi Mbeya kwa siku moja ni adhabu, na nusu ya njia utaipita usiku.

Hatua ya pili: uliza macho yako yanataka nini

Watu hapa wanaruka haraka kwenye jina kubwa. Serengeti ni Serengeti, sina ugomvi nayo. Ila ukiwa Nyanda za Juu Kusini, nauli na siku za kufika Arusha peke yake zinatosha safari mbili za huku kwetu, na huku kwetu magari ni machache. Ruaha unaweza kukaa na simba nusu saa nzima bila gari jingine kukuziba.

Ruaha ndiyo mama wa huku. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na baada ya bonde la Usangu kuongezwa mwaka 2008 ikawa miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa nchini. Tembo ni wengi, twiga ni wengi, simba wanakaa makundi makubwa, mbwa mwitu bado wapo. Kwa anayejua anachokitafuta kuna tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, kuna swala wakubwa waitwao korongo na palahala, na kuna mibuyu inayofanya hata picha ya swala pala ionekane ya maana. Ndege wamepita aina mia tano. Kile ambacho hakipo ni faru. Kwa hiyo tangazo lolote linalokuahidi "wakubwa watano" ndani ya Ruaha limeandikwa na mtu ambaye hajafika au anayekudanganya. Mimi huliacha hapo hapo, siendelei kusoma. Makundi makubwa ya nyumbu nayo usiyatarajie huko.

Mikumi ni ya haraka na ya familia. Kila aliyepanda basi la Dar ameshaiona bure dirishani, maana barabara kuu inaikata hifadhi kwa kama kilomita 50. Watu wakishaona twiga wa dirishani wanadhani wamemaliza, kumbe uwanda wa Mkata uko ndani zaidi, na huko nyumbu, pundamilia na nyati wanaonekana kwa urahisi kwa sababu nyasi ni fupi na eneo ni wazi. Ukiwa na watoto wa miaka sita au saba, ambao uvumilivu wao ni wa dakika ishirini, wapeleke Mikumi kwanza. Ruaha ina vichaka, inataka mtu anayejua kusubiri.

Udzungwa ni ya miguu. Hakuna kuzunguka na gari. Unaanzia Mang'ula, unapanda msituni na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, yanayoshuka kwa jumla ya mita 170. Wapo mbega wekundu, na wapo kima wa Sanje ambao huwapati nje ya milima hiyo. Reli ya TAZARA inapita Mang'ula, na mtu wa Mbeya mwenye muda wa kutosha anaweza kwenda kwa treni, ikiwa ya abiria inakwenda. Mwenye ruhusa ya siku tatu asijaribu.

Halafu kuna Kitulo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa Mbeya wanaipita kila siku pale Chimala bila kugeuza shingo. Ilitangazwa mwaka 2005, na ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi peke yake zimehesabiwa aina zaidi ya 40, na hizo ndizo zilizoleta hifadhi: viazi vyake vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, hadi ikaonekana mlima utabaki mtupu. Simba hakuna, tembo hakuna. Kuna uwanda ulio juu ya mita 2,600, ukungu, mbayuwayu wa buluu, na kwenye misitu ya Livingstone kuna kipunji, nyani ambaye sayansi ilimtambua juzi tu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wawindaji wa Rungwe walikuwa wanamjua kwa jina.

Kitulo ndiyo hifadhi pekee ya huku ninayoishauri kwa safari ya siku moja. Sababu ni rahisi: maua hayalali mchana. Ukitoka Mbeya alfajiri, ukageuka Chimala na kupanda ule mlima wanaouita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, unaweza kutembea uwandani saa nne au tano na kulala kitandani kwako. Gari liwe na breki nzima na dereva awe amewahi kupanda pale. Mvua ikinyesha usimwamini anayesema gari dogo linapita.

Nyerere na Katavi ninazipa sentensi chache kwa makusudi. Nyerere ina safari ya boti kwenye mto Rufiji, raha yake kubwa, lakini kwa mtu wa huku ni safari ya kupitia Morogoro au Dar, panga wiki. Katavi iko kaskazini magharibi, unapitia Tunduma na Sumbawanga. Ni ya mtu aliyeshaona Ruaha mara tatu na sasa anataka viboko waliobanana kwenye tope la mwisho la kiangazi.

Hatua ya tatu: fuata maji

Huku kusini mvua ni ya msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Kiangazi ndicho kinachopanga wanyama. Kuanzia Juni majani yanakauka, mabwawa ya porini yanaisha, na wanyama wanasogea kwenye mito. Julai hadi Oktoba ndiyo miezi ya Ruaha.

Kuna jambo ambalo vipeperushi havisemi. Mto Ruaha Mkuu wenyewe, tangu mwaka 1993, umekuwa ukikatika kiangazi. Maji yake yanatoka milimani kwetu, yanapita bonde la Usangu na Ihefu, na njiani yanachukuliwa kwa kilimo. Mchele mzuri wa Mbarali unaojaza masufuria ya Mbeya umenyweshwa na maji hayo hayo. Sisemi tusile ubwabwa. Ila anayekwenda Ruaha Septemba akitarajia mto mpana kama wa kwenye tangazo la picha ya Machi atashangaa kukuta mchanga na madimbwi.

Na bado huo ndio wakati bora. Kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi tembo wanachimba visima kwa miguu na mkonga, wakishashiba wanaondoka, kisha nyati, tandala na nyani wanapanga foleni kwenye shimo lile lile. Simba wanajua foleni iko wapi. Kwa hiyo unapouliza kuhusu kifurushi cha kiangazi, usiulize tu "tutaona nini?" Uliza: "Asubuhi tutakuwa kwenye mto gani?" Dereva anayejua atakujibu bila kufikiri. Anayebabaika, mshukuru na kata simu.

Msimu wa mvua una faida zake: bei za loji hushuka, ndege ni wengi, nchi ni kijani. Lakini baadhi ya njia za ndani hazipitiki na wanyama wametawanyika. Kwa mara ya kwanza sikushauri.

Kitulo ni kinyume kabisa. Maua yanaanza mvua zikianza na yanashamiri kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili. Ukienda Julai utakuta nyasi za kahawia, baridi inayouma mifupa na labda jalidi alfajiri. Ninamjua mtu aliyepeleka wachumba kupiga picha Kitulo mwezi wa saba kwa sababu "huo ndio msimu wa utalii". Picha zilitoka, maua hayakutoka.

Hatua ya nne: jaza gari, au kubali kulilipia

Bei kubwa ya safari ya Mtanzania ni gari. Kiingilio cha raia kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni. Mtoto chini ya miaka mitano haingizwi kwenye hesabu, na wa miaka 5 hadi 15 analipa pungufu. Kinachokula pesa ni Land Cruiser, mafuta yake na dereva wake, na hao hawajali mko wangapi.

Chukua mfano wa namba za kubuni tu, ili hesabu ionekane. Gari pamoja na mafuta na dereva likiwa shilingi 350,000 kwa siku, siku tatu ni 1,050,000. Mkiwa wawili kila mmoja anabeba 525,000 kabla hajala wala kulala. Mkiwa sita ni 175,000. Tofauti hiyo inalipia chakula, malazi na zawadi ya dereva. Ndiyo maana kikoba, wanakwaya au ndugu sita wanaopatana ni mtaji mkubwa kuliko punguzo lolote la msimu. Nimesema wanaopatana. Ukiunganishwa na watu usiowajua, uliza wanataka nini: mpenda ndege na mtu wa simba hawakai gari moja kwa amani.

Sita ndiyo idadi yangu. Saba ndiyo idadi ya wauzaji. Kwenye gari la viti saba kuna mmoja anayekaa katikati na kuangalia visogo vya wenzake siku nzima. Uliza hivi: "Kila mtu ana dirisha? Paa linafunguka?" Basi dogo aina ya Coaster linafaa wanafunzi na Mikumi, na hata hapo kwa njia kuu tu.

Gari lako binafsi unaweza kuingia nalo, ukalilipia kiingilio chake. Liwe la juu, lenye nguvu magurudumu yote manne, na tairi za akiba mbili ukielekea Ruaha. Kisha mchukue mwongozaji pale getini akae mbele na wewe. Bila yeye utapita kando ya chui mara tatu ukiangalia barabara.

Hatua ya tano: mahali pa kulala

Kwa Ruaha uchaguzi wa mtu wa kipato cha kawaida ni kati ya Msembe ndani na Tungamalenga nje. Msembe kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na maeneo ya kupiga hema. Ni ya kawaida, usitegemee bafu la hoteli, lakini uko kando ya mto, na asubuhi ukiwasha gari tayari uko kazini. Usiku hakuna uzio. Tembo anapita kati ya mabanda kama mwenye nyumba, kwa hiyo choo cha nje unakiendea kabla ya giza, na ukilazimika usiku unaita askari.

Tungamalenga ni kijiji kilicho kabla ya geti, kuna kambi na loji za bei nafuu, chakula kinapatikana, na pesa yako inabaki kwa wenyeji. Hasara yake ni ile ile ya saa. Mpaka mle chai, mfike getini, mkamilishe malipo, saa ya kwanza ya dhahabu imekwenda. Ukilala huko, sema mapema kwamba chai mtabeba kwenye chupa. Na uliza kibali chenu cha kuingia kinahesabiwa kwa saa ngapi, maana kutoka na kuingia tena kunaweza kuwa kiingilio kipya.

Loji za kifahari za ndani, zile za ndege ndogo na divai, bei yake kwa kawaida inajumlisha kila kitu. Fungate ikikuruhusu, nenda. Ila uliza kama wana bei ya wakazi. Mara nyingi ipo na hawaiandiki kwenye tangazo.

Hatua ya sita: soma tangazo kama unasoma mkataba wa kiwanja

Haya ni maneno ya aina inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Ruaha siku 2! Usafiri, malazi, chakula, viingilio vyote. Wahi nafasi chache!" Tulifungue.

Usafiri ni gari gani, na ndilo litakalozunguka hifadhini au mtashushwa mjini na kuhamishiwa jingine? Malazi ni ndani au nje ya geti, chumba cha wangapi? Chakula ni milo mingapi, na maji ya kunywa yamo? "Viingilio vyote" ni cha mtu, cha gari, na ile tozo ya kulala ndani ya hifadhi pia? Mizunguko ni mingapi, inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi? Hapo ndipo unapohesabu saa zako. Gawanya bei kwa saa hizo na ulinganishe na tangazo la jirani. Mara nyingi la bei ya juu kidogo, lenye alfajiri mbili, ndilo rahisi.

Kama shemeji yako amekuja na pasipoti ya Uingereza, mtaje mapema. Kiingilio chake ni cha mgeni, kikubwa kuliko chako, na kinaongezewa VAT. Nimeona kundi likigombana getini kwa sababu bei iligawanywa sawa wakati mmoja wao alikuwa mgeni. Na wewe raia beba kitambulisho cha NIDA, kwa sababu uraia unathibitishwa kwa kadi; Kihehe chako kizuri hakihesabiwi pale.

Kisha mwombe muuzaji akuandikie yote kwa orodha: kilichomo, kisichomo, na kitakachotokea gari likiharibika. Kwenye ile safari yetu ya watu saba hakuna kilichoandikwa. Nilipompigia mwenye kampuni kulalamika kuhusu saa nne tulizopoteza asubuhi, tulizungumza hivi:

"Kaka, ulisema saa 11."

"Ni kweli kaka, lakini siku mbili si mmepata?"

Alikuwa sahihi. Siku mbili tulizipata.

Hatua ya saba: mjue unayempa pesa

Anayeuza safari anatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya utalii ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ile ambayo wengi bado wanaiita TALA. Omba picha yake na uangalie mwaka. Jina la kampuni liwe limesajiliwa BRELA, kwa wasajili wa kampuni na biashara. Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la kampuni. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi "kwa sababu akaunti ina tatizo", tatizo hilo litakuwa lako. Dai risiti ya EFD.

Kianzio cha theluthi au nusu ni cha kawaida, salio mnakubaliana lini. Viingilio vya hifadhi havilipwi kwa noti mkononi getini. Vinakwenda kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Hii ni silaha yako: muulize muuzaji namba hiyo imeshatolewa au bado, na akutumie risiti yake kabla ya siku ya safari. Aliyelipa kweli anayo.

Ofisi ya mtaani Iringa ambayo unaweza kuingia na kusema "kamwene" kwa mtu mwenye uso ninaipenda kuliko ukurasa mzuri wa mtandaoni. Huo ni upendeleo wangu, na umeniokoa.

Hatua ya nane: wiki ya mwisho

Ruaha ina mbung'o. Wanapenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo ile fulana ya timu iache nyumbani. Vaa kaki, kijivu, kijani hafifu, mikono mirefu. Sisi wa nyanda za juu, hasa wa Njombe na Makete, tumezoea mbu wachache na tunasahau kwamba Ruaha ni bondeni na malaria ipo. Beba chandarua au dawa ya kupaka, na mama mjamzito aongee na daktari kwanza.

Juni na Julai gari la paa wazi alfajiri ni baridi kali. Oktoba ni tanuri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, beba vitu kwenye mfuko wa kitambaa. Darubini hata ya kuazima inabadilisha safari nzima, na moja kwa watu watatu inatosha. Mzee au mtu mwenye matatizo ya mgongo apewe kiti cha mbele, na dereva aambiwe kabla kwamba mtasimama kila baada ya saa moja na nusu. Vyoo njiani ni vichache na aibu haina maana mbele ya kilomita 130.

Ijumaa jioni, kabla hujalala, mpigie dereva mwenyewe, usimpigie muuzaji. Muulize yuko wapi, gari liko wapi, mafuta yamejazwa, na tairi la akiba limefungwa. Akikwambia "nalitafuta", vaa viatu umfuate usiku huo huo.